Kiti Kilichojaribiwa Sakafuni

Nakumbuka siku niliyokwenda Unyambwa kuhakiki mali ya Serikali, nikamkuta kuku ameatamia mayai kwenye kiti kipya cha magurudumu, na mwenye kiti akija kunipokea kwa mikono, anajivuta mchangani. Kiti kilikuwa kivulini, kimeegemezwa ukutani, kinang'aa. Namba nne niliyokipaka mimi mwenyewe kwa rangi nyeupe ilikuwa inasomeka vizuri. Kuku alinitazama kama karani anayekatizwa kazi, kisha akajikunja tena.

Mwanangu, nimeanzia hapo kwa sababu barua yako inasema umepangiwa kitengo cha manunuzi hospitalini, na unaomba neno la kuanzia kazi. Neno langu lilianzia kwenye yale mayai. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana sisi wazee tukianza kisa husahau kuwa wengine hamkuwepo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo, vifaa vya hospitali vilitoka bohari kwa mgao. Uliomba magongo, ukaletewa ndoo, na ulishukuru kwa ndoo. Kisha tukaambiwa sasa tunaweza kuita wafanyabiashara washindane, tuchague wenyewe. Mimi nilikuwa msaidizi wa afisa ugavi katika hospitali moja hapa Singida, binti wa miaka ishirini na kitu, nimetoka chuoni na faili langu la kijani. Nilijiona nimeshika usukani.

Hospitali yetu ilikuwa na wodi ya askari waliojeruhiwa vitani. Wengi walikuwa wamesharudi makwao, lakini walikuja kliniki, wengine wakiletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, wengine mgongoni mwa ndugu. Ndipo likaja fungu la kuwanunulia viti vya magurudumu kumi na viwili. Mkuu wangu, Bwana Kiula, mzee mpole aliyevaa sweta hata jua linapochoma, akanikabidhi kazi nzima. "Andika sifa za kiti tunachotaka," akaniambia. "Lakini uwaulize kwanza watakaokaa."

Sikuwauliza. Hili ndilo kosa, mwanangu, na nalitaja mapema usilitafute mbele. Nilikuwa na kitabu cha picha kilicholetwa na mfanyabiashara mmoja kutoka mjini, karatasi zake laini, viti vyake vya chuma cheupe kama vijiko vya harusi. Nikanakili sifa kutoka mle, neno kwa neno. Kuuliza si ujinga, na mimi nilijua methali hiyo tangu darasa la pili, ila nilidhani ilitungwa kwa ajili ya watu wasio na kitabu.

Wazabuni walikuwa watatu. Mmoja alikuwa Fundi Jumanne, mchomeleaji wa vyuma jirani na soko, aliyekuja na kiti alichokiunda kwa mabomba na magurudumu ya baiskeli. Alikuwa amekipaka rangi mbili, kwa kuwa ya kwanza ilimwishia njiani. Mimi na wenzangu tukacheka mbele yake. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Kitembezeni nje, mama." Nikamjibu kwamba nje kuna vumbi.

Kile cha kwenye kitabu nilikijaribu dukani kwa yule mfanyabiashara. Nilikaa mimi, mwenye miguu miwili mizima, nikajisukuma kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikateleza. Kilikwenda kama maji. Vilipoletwa viti vyote, tukavihesabu, tukaona ni kumi na viwili, nikasaini hati ya mapokezi: mali imepokelewa katika hali nzuri. Vikagawiwa. Askari waliofika wakapigwa picha mmoja mmoja wamekaa, wote barazani, penye saruji.

Miezi miwili baadaye nikaenda kuhakiki, ndipo nikamkuta kuku.

Mwenye kiti alikuwa Sajenti Ntandu. Bomu la ardhini lilimchukulia miguu yote miwili vitani, juu ya magoti. Alikuwa amejishonea kipande cha ngozi ya ng'ombe cha kukalia, na mikononi ameshika vibao viwili vya kujisukumia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti mgavi. Karibu. Umekuja kuhesabu mali?"

"Nimekuja, mzee. Lakini naona mali ina mgeni."

"Huyo? Usimsumbue. Amebakiza siku nne. Jeshini hatukuwa tunaondoa lindo kabla ya zamu kuisha."

Nikacheka, naye akacheka. Lakini mke wake, Mama Neema, aliyekuwa anapepeta mlangoni, hakucheka. Nilimuuliza kwa nini mzee hakitumii kiti. Akamtazama mumewe. Sajenti akatikisa kichwa kidogo, namna ya kumwambia nyamaza.

"Kiti ni kizuri," akasema Sajenti. "Mimi ndiye mvivu."

"Baba Neema," mama akasema, "binti wa watu amekuja kwa baiskeli jua lote hili. Mwambie."

"Nikimwambia ataandika. Akiandika, ataulizwa nani alinunua. Atafukuzwa kazi."

Mwanangu, nilisimama pale na kalamu mkononi. Mtu niliyemnunulia kiti bila kumuuliza alikuwa ametambaa miezi miwili mchangani, na mbele yangu anasema ni mvivu, ili mimi nisipate lawama. Hakuna aliyewahi kunigombeza kwa maneno makali yaliyoniuma kama huruma ile.

Nikamwomba, "Mzee, tafadhali nionyeshe."

Tukamhamisha kuku pamoja na mayai yake kwenye ungo, na alilalamika sana. Sajenti akajipandisha kitini, akasukuma. Kiti kilikwenda hatua mbili. Magurudumu madogo ya mbele, membamba kama biskuti, yakazama mchangani hadi kwenye vyuma vinavyoyashikilia. Kiti kikainamisha pua. Mama Neema alikuwa ameshasogea kumdaka begani, kwa wepesi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Nyumba yao haina saruji popote. Unyambwa ni mchanga na mawe, mwanangu, na mimi niliijua tangu utotoni.

Tulipomrudisha Sajenti kwenye ngozi yake, na kuku kitini pake, mzee akanionyesha kwa kibao chake cha mkononi shamba la uwele ng'ambo ya kijito kikavu. "Unaliona? Wiki tatu hivi masuke yanajaa. Kweleakwelea wakija, shamba lisilo na mlinzi wanaliacha mabua matupu. Mwaka jana mama huyu alilinda peke yake, akaugua, ndege wakamaliza. Kulinda ndege ni kazi ya kukaa, binti. Unakaa, unapiga kombeo. Mikono ninayo. Mimi tangu lile bomu nimekuwa mtu wa kubebwa. Walinibeba porini, wakanibeba kwenye lori, wakanibeba hadi kitanda changu humo ndani. Niliposikia viti vinakuja nikamwambia Mama Neema, mwaka huu nitajibeba."

Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Wewe ni mtoto wa wafugaji?"

"Ndiyo, mzee."

"Baba yako, akienda mnadani, hununua maksai aliyesimama?"

Jibu nililijua. Kwetu mnunuzi wa ng'ombe wa jembe hazungumzi bei mnyama akiwa amesimama. Anataka atembezwe, kwenye mawe, kwenye mchanga, ageuzwe kushoto na kulia, ikiwezekana avishwe nira. Nilimwona baba mnadani Issuna akimwacha maksai mnene mwenye pembe za kupendeza, kwa vile mwenye mali hakutaka kumsogeza kutoka alipofungwa. "Mzuri," baba alisema, "lakini nataka wa kulima, si wa kutazama." Nilikulia kwenye maneno hayo, kisha nikayaacha langoni mwa chuo. Nikamkiria mzee kwamba kiti nilikijaribu dukani, kwenye saruji.

"Hata jeshini," Sajenti akaendelea, "fundi alinipima kabla ya kunipa suruali. Na fundi wa jeneza naye hupima, ingawa mteja wake halalamiki. Wewe mwenzangu ulipima sakafu ya dukani."

Nilirudi mjini polepole, nikisukuma baiskeli hata mahali ambapo ningeweza kuipanda. Njia nzima nilitunga maneno ya kujitetea, na yote yalikuwa mazuri. Nilipofika nikamweleza Bwana Kiula.

"Hati ya mapokezi ulisaini?"

"Nilisaini."

"Uliandika hali gani?"

"Nzuri."

"Basi mali ni nzuri. Hairudi kwa muuzaji." Akavuta mikono ya sweta. "Iliyobaki ni barua. Omba fungu la matengenezo, ueleze sababu."

Nikaandika. Ilianza, "Ilitokea kwamba viti havikufaa mazingira." Bwana Kiula akaisoma, akanirudishia. "Huyu Ilitokea ni nani? Simjui hapa ofisini. Sijawahi kumlipa mshahara."

Nikaandika upya: mimi nilinakili sifa za kiti bila kuwauliza watumiaji, na mimi nilikijaribu mahali pasipofaa. Mficha uchi hazai. Nilipata barua ya onyo, ikawekwa kwenye faili langu. Fungu la matengenezo nalo likapatikana, dogo, lakini la kutosha.

Sasa lilibaki gumu kuliko barua: kwenda kwa Fundi Jumanne.

Aliniona nikivuka barabara na kile kiti kichwani, nilichokuwa nimekifuata Unyambwa kuku alipomaliza zamu yake. Akaweka miwani yake ya kuchomelea kwenye paji la uso.

"Karibu, mama wa sakafu. Leo nje hakuna vumbi?"

"Lipo, fundi. Ndilo lililonileta."

"Mbona hiki kizuri hivi? Kimeshindwa nini?"

"Kimeshindwa kutembea."

"Ee," akasema. "Hicho kidogo tu."

Wasaidizi wake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Nilistahili, nami nikasubiri wamalize. Kisha Fundi Jumanne akaacha mzaha, akakigeuza kiti juu chini, akaniuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kumuuliza mtu: huyo mzee ana uzito gani, mikono yake inafika wapi, mlango wake una upana gani, njia ya kwake inapanda au inashuka. Sikujua hata moja. Akafunga karakana, tukaenda wote Unyambwa, akampima Sajenti kwa kamba, akaipima na njia kwa hatua zake.

Mara ya kwanza alifunga bomba fupi mbele, na gurudumu la toroli mwishoni. Kiti hakikuzama, ila kwenye ukingo wa kijito kikataka kuanguka chali, Fundi akiwa amekikalia mwenyewe, na Sajenti akipiga makofi. "Fundi, mimi niliumia vitani, wewe utaumia matengenezoni?" Mara ya pili bomba likawa refu, na matairi ya nyuma akaweka mapana ya baiskeli ya mizigo. Hakikung'aa tena. Kilikuwa na rangi mbili.

Siku hiyo Sajenti Ntandu alikataa mtu yeyote asimguse. Alisukuma, akapumzika, akasukuma. Kijitoni alikwama kwa muda mrefu, jasho likimtiririka, na Mama Neema aliinua mikono kumsaidia kisha akaifunga nyuma yake kwa nguvu. Nilikuwa nimesimama naye, nikaona vidole vyake vikibanana. Sajenti akavuka. Alipofika kwenye uwele wake alitoa kombeo mfukoni, akatupa jiwe hewani, ingawa ndege hawakuwepo bado. "Nimewapa taarifa tu," akatuambia.

Msimu ule walivuna. Mama Neema aliniletea uwele kwenye kikapu, na juu yake jogoo mdogo. "Huyu," akasema, "amezaliwa kwenye kiti chako."

Basi sikiliza, mwanangu. Kabla hujaandika sifa za kitu chochote, iwe kitanda, gongo au mguu wa bandia, nenda ukamwone atakayekitumia, kwake, si hospitalini. Pita njia anayopita. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usisaini hali nzuri kwa mali ambayo hujaiona ikifanya kazi pale itakapofanyia kazi, hata kama lori linasubiri na dereva ananuna. Mwenye kitu kibaya cha kutazama akikuomba ukitembeze nje, kitembeze. Ukikosea, andika "mimi". Na ukimkuta mtu anayekuficha kosa lako kwa huruma, usijifariji kwa huruma hiyo. Ni deni zito, na halilipwi kwa shukrani.

Mungu akupe macho ya kuona na miguu ya kwenda. Akupe mkuu kama Bwana Kiula, na fundi asiyekasirika haraka. Kalamu yako isimtambaze mtu.

Lipo jambo moja bado. Fundi Jumanne alitengeneza viti kumi na kimoja. Namba saba ilikuwa imepelekwa kwa koplo mmoja wa Mitundu, kwa treni hadi Itigi, kabla sijajua lolote. Nilimwandikia mara tatu. Nilipopata nafasi ya kwenda, nyumba yake ilikuwa tupu. Majirani walisema jamaa zake walihamia mbele zaidi kufuata malisho, wakampandisha kwenye mkokoteni, na kiti kikafungwa nyuma yake kwa kamba, magurudumu yake madogo vilevile. Nimeuliza tangu wakati ule, kwa wachuuzi na kwa wachungaji. Wewe sasa utakuwa unapita huko. Ni namba nyeupe, mgongoni, upande wa kulia. Sijui kama aliwahi kukikalia.