Mkate Chini ya Tairi

Baba mkwe wangu aliendesha lori miaka thelathini na moja bila kugonga hata kuku. Wenzake barabarani walimwita Breki. Alipostaafu alinunua kigari kilichotumika, na ufunguo wake hulala mfukoni mwa shati. Ukitaka kulifua shati, lazima umwombe kwanza autoe.

Miezi ya karibuni nilianza kuona vitu. Chai aliimimina mpaka ikafurika kwenye meza. Siku moja aliusalimia mto kitandani akidhani ni mjukuu wake. Mume wangu alimwomba waende kupima macho, akajibiwa, "Macho haya yalianza kuona barabara kabla wewe hujaota meno." Yakaishia hapo.

Jumamosi ile tulikuwa tunakwenda kumwona wifi yangu aliyejifungua, anayeishi chini ya mteremko mrefu. Breki ndiye aliyeshika usukani, hakutaka kusikia lingine. Mimi nilikaa nyuma, mtoto mapajani, nikiiogopa kila kona kimyakimya. Ningesema nini? Mke wa mtu akigusa habari za macho ya baba mkwe, inaonekana anamhesabia miaka.

Saa saba mchana tukafika pale barabara inapolikaribia ziwa. Wametengeneza bustani ndogo ya wasafiri, meza za zege chini ya miti na ukuta mfupi upande wa maji. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni. Hatua chache mbele ndipo mteremko unapoanza, kona tisa mpaka chini.

"Hapa nimepita sijui mara ngapi," baba akasema, "sijawahi kukaa. Mzigo haujui mandhari."

Nikateremsha mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa ya chai, na mkate wa mviringo niliouoka alfajiri, nimeufunga kwa kitambaa cha kijivu. Nikauweka kwenye majani kando ya gari, nimbebe mtoto mgongoni kwanza.

Sasa, baba ana tabia aliyotoka nayo kwenye lori. Hata penye tambarare haachi gari kabla hajaweka jiwe kwenye tairi. Hainami, mgongo umechoka. Hulisukuma jiwe kwa ncha ya kiatu, hulikandamiza kwa kisigino mara mbili, kisha huliambia, "Lala hapo."

Nikamwona anausukuma mkate wangu. Akaukandamiza. "Lala hapo."

Alipokwenda kunawa nikautoa, nikaweka jiwe.

Mezani mume wangu akafungua kitambaa. "Mke wangu, huu umeuoka au umeupiga pasi?"

"Niliukalia kwa bahati mbaya," nikasema.

Baba akauchukua. Akapitisha kidole gumba juu yake, taratibu, mpaka kikatua kwenye alama iliyopinda.

"Binti yangu," akasema, "wewe ukikalia mkate, huachi alama ya kisigino."

Hakuna aliyecheka. Akakata upande ule uliobondeka, akaula yeye mwenyewe, uso kaelekeza ziwani.

"Mitumbwi mingapi pale?" akaniuliza.

"Mitatu, baba."

"Mimi naona mng'aro tu."

Alipomaliza chai akasimama, akatoa ufunguo. Madereva wa lori wanaopokezana hawapeani ufunguo hivihivi. Anayeachia hutaja kwanza ubovu wa gari, mmoja baada ya mwingine, ili mwenzake asije akashtukia njiani. Mume wangu akasimama mbele yake, mkono wazi, kama mtoto anayesubiri dawa.

"Klachi inashika juu. Breki kanyaga mara mbili, ya kwanza ni salamu tu. Gia ya pili ina kiburi, ibembeleze. Shuka nayo hiyohiyo mpaka chini, usijifanye fundi." Akaugeuza ufunguo kiganjani. "Na dereva aliyekuwepo haoni vizuri. Huo nao ni ubovu, upokee."

"Nimepokea, baba."

Ufunguo ukaingia mkononi.

Baba akaja kukaa nyuma, nami nikampakatisha mtoto. Mume wangu akawasha gari.

"Jiwe umetoa?" baba akauliza.

"Nimetoa."

"Una uhakika lilikuwa jiwe?"

Hapo ndipo tukacheka, yeye mwenyewe akitangulia.

Kwenye kona ya kwanza niliuona mguu wake wa kulia ukikandamiza sakafu ya gari, mara mbili. Mbele, wakati uleule, mume wangu naye akakanyaga mara mbili, gari likapunguza mwendo.