Vifuniko vya Boksi la Sabuni

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sikuanza leo. Nyumbani kwetu Msambweni nilikuwa mtoto wa kunusa kikombe kabla ya kunywa, na mama alinichoka mapema. Kwa hiyo mtu akiniuliza nilijiandaa vipi kwa mtihani wa Kiingereza wa darasa la nane, kinachonijia kwanza si neno lolote la Kiingereza. Ni harufu ya bati. Lilikuwa bati kubwa la mafuta ya kupikia, mafuta yenyewe yameisha zamani, na ndani yake mwalimu wetu wa Kiingereza aliweka vifuniko.

Kifuniko kilikuwa kipande cha boksi la sabuni kilichokatwa kwa wembe, kipana kutosha kuziba ukurasa. Baba yangu alikuwa dobi katika hoteli moja huko Galu, naye ndiye aliyeombwa na mwalimu alete maboksi matupu. Muhula wa kwanza vilinukia sabuni. Kufikia muhula wa tatu vilikuwa vyeusi kwa jasho, vimelegea pembeni, vimeingia mafuta ya nazi ya nywele za watu, na kimoja kilikuwa na kamasi iliyokauka ambayo darasa zima liliijua. Havikuwa na mwenyewe. Bati lilipitishwa, ukaingiza mkono, ukachukua kilichokuja. Mimi nilikishika kwa ncha za vidole viwili, na mwalimu akanicheka kila siku. "Wewe binti, hilo ni boksi, si panya."

Kazi ya kifuniko ilikuwa kuficha hadithi. Katika sehemu ya ufahamu unapewa hadithi, halafu maswali, na kila swali lina majibu manne, uchague moja. Mtu yeyote mwenye akili zake angedhani kwamba unasoma hadithi ndipo ujibu. Kwetu haikuwa hivyo. Mwalimu aligonga meza kwa rula na kusema, "Funika!" Tukaifunika hadithi yote na kujibu maswali kwa kuyatazama tu. Tulipomaliza aligonga tena, "Funua!" Hapo ndipo tuliposoma, kwa haraka, ili kujua tulipokosea. Siku nyingine kengele ililia kabla ya kufunua, na hadithi ikaenda zake bila mtu kujua ilihusu nini.

Sitaki kumsingizia. Njia hii hakuiokota katika uvivu. Mwaka uliotangulia kulikuwa na vurugu huku kwetu, nyumba zikachomwa, na walimu wengi wa bara wakafunga virago na kwenda makwao. Yeye alikuwa mtu wa bara pia, alikaa Ukunda, na hakuondoka. Kila asubuhi aliingia shuleni shati limepigwa pasi. Wazazi wetu walimheshimu kwa hilo, na mtu aliyemsema vibaya alionekana hana shukrani. Kisha karatasi za mitihani ya majaribio zilizoletwa shuleni zilikuwa zimechapishwa kwa ile mashine ya kuzungushwa kwa mkono, na wino ulizimwagikia hadithi zote. Maswali yalisomeka, hadithi zilikuwa matope. Mwalimu akasema tujibu vivyo hivyo. Tulipomaliza akasahihisha, akakuta wengine wamepata zaidi ya nusu.

Bahati mbaya ile aliifanya elimu. Alitutungia kanuni, tukaziimba kila asubuhi tumesimama. Jibu refu ndilo la kweli, maana mtungaji hulilinda kwa maneno mengi. Jibu lenye "kamwe" ni la uongo. Jibu la kuchekesha limewekwa kupoteza wajinga. Alikuwa na tabia ya kulamba kidole kila alipogawa karatasi, na karatasi yangu ilinifikia na alama ya mate pembeni, ikianza kukauka. Niliipangusa kwenye sketi, kisha nikaionea kinyaa sketi. Lakini hata mate yale hayakunichefua kama zile kanuni. Nilikuwa napenda hadithi, nami niliona tunafundishwa kumwibia mtu mfukoni huku yeye anatusimulia jambo.

Aibu ni kwamba sikuweza. Nilikuwa bure kabisa katika kufunika. Majibu yote manne yaliniambia kweli, nikachagua lolote, nikakosa. Nikawa nainua pembe ya kifuniko na kuchungulia, na mwalimu alinipiga rula ya vidole akisema kuchungulia ni kwa wasiojiamini.

Mwenzangu wa dawati ndiye aliyekuwa bingwa. Alikuwa msichana mrefu kutoka upande wa Mackinnon Road, ambako baba yake alifuga mbuzi na kuwauzia madereva wa malori. Shangazi yake, aliyekaa jirani na sisi, alimchukua asome huku pwani. Alipofika mara ya kwanza alikuja na gunia la nguo, na gunia hilo lilinuka beberu mpaka mlangoni kwetu. Watoto walimfinyia pua. Mimi pia nilimfinyia, kisha nikapangiwa kukaa naye. Hakukasirika. Aliniambia, "Shoga, hata mimi sitaki kunuka hivi. Ndiyo maana nimekuja."

Shangazi yake alikuwa ameliweka wazi. Akiitwa shule ya bweni ya wasichana, atasoma, na ukoo utasaidiana. Asipoitwa, anarudi kwa baba yake, kwa mbuzi, na yatakayofuata yatapangwa huko. Siku moja nilikwenda kwao kuazima ungo, nikamwamkia shangazi, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na bila kupumzika akauliza, "Huyu mwenzako, Kiingereza chake kinaendaje?" Hesabu hakuuliza. Hesabu msichana yule aliimaliza kabla yetu na kututazama. Kiingereza pekee ndicho kilichokuwa kimesimama kati yake na bweni, na nyumba nzima ililijua hilo.

Kwa hiyo alikishika kifuniko kwa mikono miwili, hana kinyaa nacho. Aliyapima majibu manne kwa macho, akatabasamu kidogo, akatia alama. Alipata mengi. Mwalimu akamsimamisha mbele, akampeleka darasa la saba, akampeleka la sita, wamwone mtu anayejibu hadithi asiyoisoma. Rula ilipogonga na sote tukafunua, yeye aliacha kifuniko chake palepale. "Mnaona?" mwalimu alituambia. "Huyu hahitaji kufunua." Tangu siku ile kufunua kukawa jambo la watu dhaifu, na watoto wengine walikaa mikono juu ya kifuniko hata baada ya kuruhusiwa, wasionekane wanasoma. Darasa la kusoma, watoto wanaona haya kusoma! Ilinichefua, na nikimfikiria mwalimu yule sasa bado inanichefua.

Nilijaribu kumwambia mwenzangu wa dawati. Tulikuwa tumekaa nyuma ya darasa wakati wa mapumziko, nakula mahamri, nikamwambia, "Soma hizo hadithi, mwenzangu. Nyingine ni tamu."

"Za nini kwangu?" akasema. "Hadithi ninazo. Nikwambie ya mbuzi aliyezaa mapacha akamkataa mmoja? Alimpiga teke, bado ana yale maji ya..."

"Nyamaza, nakula."

"Basi, nimenyamaza." Akacheka, akanyakua kipande cha hamri langu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya mtihani hatukuketi pamoja. Walitupanga kwa nambari, mimi karibu na mlango, yeye mbele upande wa dirisha, na msimamizi alikuwa mwalimu mgeni kutoka shule nyingine ambaye hakusema neno ila kutuonya tusigeuke. Hakukuwa na bati wala vifuniko. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima nilikuwa na hadithi safi mbele yangu, yenye wino mweusi uliokaa mahali pake, na karatasi iliyonukia karatasi. Nilisoma kila mstari.

Hadithi ya mwisho ndiyo iliyokuwa ndefu. Ilimhusu kijana aliyeachiwa mbuzi wa baba yake wakati wa ukame. Mbuzi mmoja akazaa mapacha, akamkubali mmoja na kumkataa wa pili, kijana akahangaika usiku kucha akijaribu hili na lile. Nilipofika hapo nilisahau mtihani. Niliinua macho kwa siri, nikamtazama mwenzangu. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, anaandika bila kusita. Nilifurahi kwelikweli. Nilijiambia, hii imeandikiwa yeye, na shangazi yake kesho atapika pilau.

Tulipotoka alinikimbilia uwanjani, akanishika mabega.

"Sikufunua hata moja," akasema.

Sikumwelewa. Akanieleza kwa furaha. Kwa kuwa kifuniko hakikuwapo, aliukunja mtihani, ukurasa wa hadithi ukaenda chini na maswali yakabaki juu. Alipomaliza yote wakati ulikuwa bado upo. Alisubiri kidogo, asikie kama kuna mtu atagonga. Hakuna aliyegonga. Basi akauacha vilevile.

"Lakini si ungefunua mwenyewe tu?" nilimuuliza.

"Kwa nini? Mimi si wa kuchungulia." Alisema kwa upole, kama anayenisamehe. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya mlingoti wa bendera, na mwenzangu alipomwambia hayo, mwalimu alimpigia makofi mbele ya watu. Sikumwambia habari ya mbuzi, maana alikuwa anacheka na sikujua ningeanzia wapi.

Matokeo mwalimu mkuu aliyafuata Kwale mjini, akayabandika ukutani. Hesabu ya mwenzangu ilikuwa ya juu kuliko ya mtu yeyote shuleni. Kiingereza kilimwangusha chini kabisa, kikavuta na jumla yote. Mimi niliitwa bweni. Mwalimu wetu wa Kiingereza alinikuta pale ukutani, akaniwekea kichwani mkono ule wa kidole cha mate, akawageukia wazazi waliokuwapo. "Mnaona matunda ya kufunika?" akawaambia. Kumhusu yule mwingine alisema tu kwamba aliingiwa na woga, watoto wa bara kavu huwa hivyo. Bingwa wake! Mtu aliyemzungusha madarasani kama kikombe cha mashindano! Nilikwenda kuosha kichwa kwenye bomba la shule, mchana kweupe, kwa sabuni niliyoomba kwa mwenye kibanda cha pale langoni, na mama aliponiuliza kwa nini nywele zimelowa nikamwambia ni joto.

Alipokuja kuniaga kabla ya kurudi kwao, gunia lake lilikuwa limefuliwa. Lilinukia ile sabuni ya hotelini, maana baba yangu alikuwa amelifua mwenyewe kazini bila kuambiwa na mtu. Tuliketi kwenye kibaraza. Alikuwa ametulia, hakulia, na mimi sikutaka kumtangulia kulia.

"Hebu niambie," akasema. "Zile hadithi zilikuwa za nini?"

Nikamwambia ya kwanza, nikamwambia ya pili. Alisikiliza akikubali kwa kichwa. Ya mwisho nilitaka kuiruka, lakini alikuwa akihesabu.

"Na ile ya mwisho? Ilikuwa na maswali mengi ile."

Nikamwambia. Kijana, ukame, mbuzi, mapacha, mmoja amekataliwa. Kabla sijafika mwisho alikuwa ameshainua mkono kunizuia.

"Chumvi," akasema. "Unampaka chumvi mgongoni, unamsogeza kwa mamake. Mama ataanza kulamba. Akishalamba, ni wake. Nilitaka kukwambia siku ile, ukasema unakula."

"Ndiyo," nikasema. "Chumvi."

"Waliuliza kilichomsaidia?"

"Waliuliza."

Akafikiri, akiyatafuta yale majibu manne kichwani, na akili yake ilivyokuwa nzuri akayapata yote kwa mpangilio wake. "Chumvi ilikuwamo," akasema polepole. "Ilikuwa jibu la mwisho. Neno moja tu." Akaliinua gunia, akalitua tena. "Mimi nilitia la kwanza. Ndilo lililokuwa refu."