Pedali ya Tatu

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kwa wateja, kwa mafundi wenzake, hata kwa wauza vipuri wa mtaa wa nyuma, alikuwa Unyayo, na jina hilo alilipata kwa haki. Ukimpelekea fundi mwingine gari lenye klachi inayosumbua, atainua boneti, atawasha tochi, atakuna kichwa. Unyayo alivua kiatu cha kushoto, akaingia garini na soksi, akakanyaga pedali mara moja na kuiachia polepole huku amefumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha angesema, "Sahani imebaki nyembamba kama ukucha, lakini beringi bado nzima." Wakishusha giaboksi, wanakuta hivyo hivyo. Wapo waliodai ni uchawi. Mkewe alisema hakuna uchawi wowote, ni ubishi tu uliopata kazi ya kufanya.

Gereji yake ilikuwa na sheria moja, na hiyo haikuandikwa popote. Gari lililoguswa klachi halikutoka getini mpaka Unyayo aliendeshe mwenyewe. Hata binti yake mkubwa, aliyekua kati ya jeki na ndoo za mafuta na sasa ndiye mkono wake wa kulia, hakuwahi kukabidhi gari bila baba kulionja kwanza. Na dereva aliyeendesha huku amepumzisha mguu juu ya klachi alikiona cha moto. "Ule mguu si mtoto mchanga," Unyayo alimfokea. "Usiulaze hapo! Unaichoma sahani bure."

Sasa mtu kama huyo, mguu ukianza kufa ganzi, atamwambia nani?

Kisukari alikuwa nacho siku nyingi. Muuguzi wa zahanati alimwonya kwamba ugonjwa huu unaiba miguu kimyakimya, akamwagiza aikague kila jioni, juu na chini, atumie hata kioo. Unyayo aliitikia, "Sawa, mama," akarudi gereji, na kioo kikabaki ukutani. Kinyozi hajinyoi. Mwanzoni mguu wa kushoto ulikuwa kama umevaa soksi mbili. Baadaye akawa kama anakanyaga godoro popote apitapo. Aliingia kwenye magari, akafumba macho kama kawaida yake, na pedali haikumwambia kitu. Basi akaanza kubahatisha. Alimwuliza mwenye gari maswali ya kuzungukazunguka, akasikiliza injini, akatoa jibu kwa uzoefu, na kwa kuwa uzoefu ulikuwa mwingi, mara nyingi alipatia.

"Baba, siku hizi huvui kiatu," binti alimwambia siku moja.

"Sakafu ina baridi."

Binti aliitazama sakafu, akaendelea na kazi. Unyayo aliogopa kitu kimoja tu, tena alikiogopa kuliko kaburi: siku watakayojua kwamba Unyayo hana unyayo. Angekuwa nani siku hiyo? Mzee wa kukaa kwenye benchi na kusalimiwa. Ndiyo maana alijikaza kisabuni, akavaa buti kubwa alizoacha bila kufunga kamba, akaendelea.

Ndipo likaja lile gari la spoti.

Liliburutwa kwa kamba, chini kama mjusi, pua ndefu, milango miwili, rangi ya kijivu iliyofubaa lakini bado ina kiburi. Mwenyewe alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu mrefu mwenye kofia, aliyelirithi kwa kaka yake. Lilikuwa otomatiki, na giaboksi yake ilikuwa imegoma.

"Nataka unitolee hiyo otomatiki, uniwekee gia ya mkono," Mpima alisema. "Nikikaa humo najiona abiria. Gari la namna hii na mguu wa kushoto umekaa bure! Si dhambi hiyo?"

"Dhambi kubwa," Unyayo akajibu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alicheka kwa moyo wake. "Kazi ipo, mzee. Si kufungua na kufunga. Pedali ya tatu haipo, lazima tuitengenezee nyumba yake. Propela, ile shafti ndefu iendayo nyuma, lazima tuikate. Utavumilia?"

"Nimepima mashamba ya ndugu wanaogombana," Mpima alisema. "Najua kuvumilia."

Ile kazi ilimrudisha Unyayo ujana. Kwanza walimwaga mafuta ya giaboksi. Mafuta ya otomatiki ni mekundu, mekundu hasa, na yalitapakaa kila mahali: sakafuni, kwenye matambara, kwenye viwiko vya binti, kwenye soksi za baba. Giaboksi yenyewe, nzito kama ng'ombe aliyelala, waliishusha kwa mnyororo wakaisukuma chini ya meza. Kwenye ncha ya krenki, mahali ambapo shafti ya gia ya mkono hupumzika, otomatiki haina bushi, ile pete ndogo ya shaba. Unyayo alichora, akampelekea mkereza vyuma wa jirani, akairudisha mara mbili kwa sababu ya unene usiozidi unywele. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ikafungwa, sahani ya klachi ikakaa, pedali pana ya breki ikatolewa na nafasi yake ikachukuliwa na mbili nyembamba. Mikono ya Unyayo ilikuwa bado mikono. Binti alimtazama kwa upendo akasema moyoni kwamba labda alimshuku bure.

Ilibaki kutoboa ule mwinuko wa katikati ya sakafu, ili fimbo ya gia itokeze. Unyayo alikata bati kwa mkasi akiwa amechuchumaa mlangoni, mguu wa kushoto chini, mikono ndani. Vipande vilidondoka kama maganda. Kimoja, kidogo chenye kona kali, kilitumbukia ndani ya buti isiyofungwa kamba. Mtu mwingine angeruka na kutukana. Unyayo aliendelea kukata huku akipiga mluzi.

Alitembea na bati lile siku nzima. Kesho yake akalivaa tena, na siku zilizofuata.

Jioni ya kwanza, alipovua soksi na kuona wekundu, aliamini kabisa ni mafuta. Tusimwonee hapo. Lakini jioni ya pili wekundu ulikuwa umekaa chini ya unyayo tu, tena umeloa, na fundi wa miaka yote hiyo anajua mafuta yanavyonusa. Alijua. Alikunja soksi, akaisokomeza chini kabisa ya kapu la nguo chafu, akapanda kitandani. Akajiambia: gari likiisha, nitakwenda hospitali. Gari liishe kwanza.

"Soksi zako zimekuwaje?" mkewe alimwuliza mlangoni.

"Mafuta ya otomatiki. Yale mekundu."

Mkewe akaridhika, kwa sababu ni kweli mafuta ya otomatiki ni mekundu, na mke wa fundi anajua. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku ya kufua, binti alipopita kuchukua chakula cha baba, mama alimwuliza hivi hivi tu, "Hiyo otomatiki yenu haijaacha kuvuja tu?"

"Otomatiki? Mama, ile ilitoka zamani. Sasa hivi mafuta ya mle ni ya kahawia, na hata hatujayatia."

Mama alilivuta kapu la nguo chafu. Alichukua beseni, akamimina maji baridi, akatumbukiza soksi moja. Alikuwa amefua nguo za gereji tangu akiwa bibi harusi. Mafuta hayatoki kwa maji matupu. Huelea juu, yanang'aa, yanakataa. Hii haikuelea. Ilijitoa yenyewe kwenye kitambaa, ikasambaa taratibu, na beseni zima likawa la waridi. Akaketi chini pale pale, mikono ndani ya maji.

Unyayo aliporudi alikuta beseni katikati ya sebule.

"Nionyeshe mguu," mkewe alisema.

"Mke wangu, ni mchubuko tu."

"Baba watoto, sitanii. Nionyeshe mguu."

Hakuuonyesha. Waligombana kama hawajawahi kugombana, naye alipokwama akasema neno lililokuwa limemkaa kooni. "Ukijua wewe, atajua binti. Akijua binti, nimekwisha. Unataka nibaki nini?"

"Nataka ubaki!" mkewe akapiga kelele. "Ubaki nini, ubaki nani, hayo utajua mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, mimi na wewe."

Akakubali, shingo upande. Na asubuhi, mkewe alipoingia chumbani kuvaa, yeye alichukua buti zake mkononi akatoka kwa kunyata kama mwizi. Si kwamba hakumheshimu mke. Gari lilikuwa limekwisha, lilikuwa limeoshwa, na halikuwa limeendeshwa. Alitaka mara moja tu.

Binti alimkuta ameshakaa nyuma ya usukani. Hakujua ya usiku ule, kwa hiyo aliingia upande wa pili akacheka. "Twende, mzee wa kazi."

Wakatoka. Gari lilinguruma vizuri. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote ziliingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Watu wa kituo cha mafuta waligeuka. Unyayo alitabasamu meno yote nje, na binti alitamani barabara isiishe. Kisha harufu ikaja. Ni harufu moja tu duniani, ya sahani ya klachi inayoungua, na Unyayo aliitambua kabla ya binti.

"Nani kaifunga hii?" akafoka. "Inateleza! Si nilikwambia ule msukumo—"

"Baba," binti alisema kwa sauti ndogo. "Mguu."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto. Uko juu ya pedali."

Unyayo akatazama chini. Ilibidi atazame, ndipo ajue. Ulikuwa pale, umelala juu ya klachi kwa uzito wake wote, kama mzigo uliosahauliwa na mtu mwingine. Aliuamuru uondoke, akautazama mpaka ukaondoka. Akalisogeza gari pembeni, akazima injini.  Binti alizunguka, akafungua mlango, akapiga magoti barabarani kwenye vumbi akamvua buti. Kipande cha bati kilikuwa kimezama kwenye nyama, na upande mmoja bado kilikuwa na rangi ya kijivu ya lile gari.

"Usimwambie mtu," baba alisema, na binti akaanza kulia kwa sauti, hapo hapo, mbele ya wapita njia.

Alimpeleka hospitali kwa gari lile lile, klachi ikinuka njia nzima. Mama aliwakuta huko. Daktari aliutazama mguu muda mrefu kuliko inavyopendeza, akasema wamechelewa, uozo umeshapanda mfupani. Waliukata chini ya goti.

Gari la Mpima lilikaa gereji na turubai juu yake. Binti alishusha giaboksi peke yake, akatia sahani mpya, akaifunga tena. Alipompigia Mpima aje, alikuja na kofia yake, akazunguka gari, akashika mlango, kisha akauachia.

"Ameliendesha?" akauliza.

"Hapana, mzee. Unajua hali."

"Najua sheria ya hapa pia. Nitangoja."

Unyayo alipoambiwa, alinuna siku kadhaa. Aliona wanamdhihaki. Mkewe ndiye aliyemvalisha, akakunja mguu wa suruali ulio mtupu na kuubana kwa pini, akampa magongo. "Nenda ukalimalize," alimwambia. "Umelilipia."

Wakamkalisha kiti cha abiria. Mpima akabaki getini na kofia mkononi. Binti akawasha, akatoka taratibu mno, kwa woga wa kumwumiza. Unyayo aligeuza uso dirishani. Aliyaona maduka, kituo cha mafuta, mahali pale waliposimama siku ile, na hakutaka kuyaona. Alijisikia kama shehena.

Penye mwinuko binti alikanyaga klachi kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, na Unyayo akausikia mguu wake wa kushoto.

Aliusikia wote. Muuguzi wa hospitali alikuwa amemwambia kwamba kiungo kilichokatwa mara nyingine hujileta, kikasikika kama bado kipo, naye akamcheka. Sasa ule mguu uliokaa kimya muda wote ule, uliotembea na bati bila kusema hata neno, ulikuwa umekanyaga. Alisikia mpira mpya wa pedali, mistari yake mmoja mmoja. Alisikia springi ikirudi, na pale sahani inapoanza kushika, pembamba kabisa, kama zamani alipokuwa anavua kiatu.

"Unaachia mapema kidogo," akasema.

"Umejuaje, Baba?"

"Nimeisikia."

Binti alitupa jicho kwenye ile pini ya suruali, akarudisha macho barabarani haraka. Baba yake alikuwa anatokwa na machozi, hayafuti, mikono yote miwili ameishika juu ya goti kama mtu anayezuia kitu kisiondoke.

"Rudi ya pili," akamwambia. "Halafu ingiza tena ya tatu. Polepole, mwanangu."

Binti akarudisha gia ya pili.