Mawe Meupe ya Baba Mdogo

Mwaka wa tisini na mbili, wenzangu niliomaliza nao sekondari walikuwa wakizunguka Kigali kutafuta kazi. Mimi nilizunguka uani. Nilikuwa na sababu nzuri: nje kulikuwa na vizuizi barabarani, na ndani kulikuwa na kiti.

Niliishi Kimironko kwa baba mdogo, aliyechimba madini ya bati mpaka mgodi ulipofungwa. Wenzake waliondoka huko na baiskeli. Yeye alirudi na magunia ya mawe meupe, yale yanayotupwa bati likishatolewa. Alisema ukiyatwanga ukachanganya na udongo, utafinyanga kikombe cha jiko la mkaa, lile bakuli la ndani linaloshika makaa, kisichopasuka. Majirani walicheka. Kisha kifua, kilichokula vumbi la mgodi miaka yote ile, kikamlaza. Hata mchi hakuweza kuinua. Alitaka jambo moja tu: kuliona jiko lake likipika kabla hajaondoka.

"Msomi," aliniita kutoka kitandani, "yachome mawe kwanza mpaka yawe mekundu, yamwagie maji, ndipo utwange. Halafu chekecha mara mbili."

"Sawa, baba mdogo."

Kuchoma kulitaka kuni, na kuni zilikuwa ng'ambo ya bonde. Nikayatwanga mabichi. Nikachekecha mara moja, tena nimekaa.

Pale kwetu jiko jipya lilijaribiwa kwa maharage makavu: yaive bila sufuria kuteremshwa. Kikombe changu kilipokuwa tayari, mama mdogo alimtoa mumewe uani, akamfunika blanketi, majirani wakaja. Maharage hayajachemka sawasawa, kikombe kikalia pa! Makaa yakamwagika karibu na miguu yangu.

"Mawe ni ya kujengea choo, mzee," jirani mmoja alisema, na watu wakacheka.

Baba mdogo hakucheka. Alimgeukia mama mdogo. "Yamwageni njiani, yazibe mashimo. Nilikosea."

Neno hilo liliniinua kitini, na mimi si mtu wa kuinuliwa kirahisi.

"Hukukosea, baba mdogo. Sikuyachoma."

"Kwa nini?"

"Kuni zilikuwa mbali."

Alinitazama, akakohoa muda mrefu. "Yewe! Mimi nimeyatafutia mawe haya kikohozi, wewe umeshindwa na bonde?" Kisha akasema polepole, "Magunia yabaki. Nenda."

Nilivuka bonde mara tatu, majirani wakiulizana kama nimehama. Kikombe cha pili kilipokauka na kuchomwa, akatolewa tena uani. Maharage yaliiva. Alikula vijiko viwili, akasema yamekosa chumvi, akaomba aachwe karibu na jiko mpaka mkaa uishe.

Tulimzika kabla ya mvua.

Mwishoni mwa tisini na nne, mimi na mama mdogo, tuliokuwa tumekimbia mauaji, tulirudi kwenye kiwanja chetu. Nyumba ilikuwa imechomwa. Mabati yalikuwa yamejikunja kama majani makavu, na sufuria ya maharage ilikuwa bonge lililoyeyuka. Majirani wale waliokuja kucheka, hakuna aliyetoka kutusalimu. Hakukuwa na wa kutoka.

Mama mdogo alipiga magoti akachimbua majivu kwa mikono. Akakitoa kikombe cha jiko, akakipangusa kwa khanga, akakigonga kwa ukucha. Kiliitika kizima, bila ufa.

Alikiweka chini penye uwazi wa mlango. Akaniambia nikatafute kuni.

Sikuuliza ni umbali gani.