Mzigo Ambao Hatukuufungua

Siku ile tulikuwepo watu watano. Mimi. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata, utingo wa lori la mpunga linalokwenda Igunga. Mdogo wetu wa kike, aliyekuwa kidato cha tatu. Kitinda mimba wetu wa darasa la tano. Na bibi mwenye duka la vitambaa, ambaye tulikuwa tumekaa barazani kwake. Alikuwepo pia mwandishi wa kitabu, ingawa alikufa kabla mama yangu hajazaliwa na hakuna aliyemwona isipokuwa mimi. Namhesabu kwa sababu alisema sana.

Niliacha shule kidato cha pili, mama alipofariki pale hospitali ya Kitete. Baba alikuwa ametangulia. Nikabaki na wadogo watatu, vyumba viwili mtaa wa Chemchem hapa Tabora, na kazi ya mama ya kuchuja asali. Warina asali wanatuletea masega kwenye ndoo kutoka misituni. Tunayaponda, tunayamimina kwenye kitambaa kilichofungwa juu ya sufuria, halafu tunangoja. Asali haina haraka. Wengine wakiingoja hupiga soga. Mimi nilikuwa nasoma.

Vitabu vilitoka kwa bibi. Watu wake walikuja kutoka Omani siku za misafara, wakafanya biashara hapa na hawakurudi tena. Marehemu mume wake alimwachia kabati zima la vitabu vya Kiswahili, lakini macho ya bibi yameingia mtoto wa jicho, hawezi kusoma hata kibandiko cha dawa. Tulipatana hivi: nachukua kitabu kimoja, nakisoma, na siku ya kukirudisha nakaa barazani namsimulia chote, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Nikimaliza ndipo anafungua kabati na kunipa kingine. Asiyemaliza hadithi hapewi kitabu. Binti mmoja wa jirani alikomea hapo, na mpaka leo akipita mbele ya duka anaongeza mwendo.

Nilikuwa nimejiambia kwamba kabati lile ndiyo shule niliyobakiwa nayo. Kulikosa kungeniuma kuliko kulivyoniuma kuvua sare ya shule.

Ukisoma peke yako huku asali inadondoka tone moja moja, hukawii kuzungumza na aliyeandika. Alikuwepo mmoja wa nchi za baridi, ambaye kitabu chake kilikuwa na theluji kila ukurasa. Nilimkaribisha uani mwezi wa kumi, akavua koti, akavua kofia, akaomba maji, akaomba tena. Alikuwepo mshairi wa visiwani ambaye hata chumvi aliiomba kwa vina. Nilimwambia chumvi iko jikoni, akamalizie ubeti huko huko. Wadogo zangu walinizoea. Wakisikia naongea huambiana, "Dada ana mgeni," na kupita polepole.

Mgeni niliyemzoea kuliko wote alikuwa huyu wa siku ile, mtu wa pwani, maarufu sana zamani zake. Kitabu chake kilimhusu mpagazi wa Kinyamwezi aliyepewa mzigo pwani, umeshonwa ndani ya ngozi, akaambiwa aufikishe Unyanyembe, huku huku kwetu, kwa mwenyewe bila kuufungua. Njia nzima wenzake wanabishana kuna nini ndani. Yeye anabeba tu.

Sisi Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakishuka na kupanda na mizigo njia ile, na mtani haruhusiwi kukasirika, hata akiwa marehemu. Kwa hiyo sikumwonea haya.

"Mpagazi wako analalamika sana," nilimwambia. "Babu zangu walibeba pembe miezi mitatu wakiimba. Ungebeba wewe, mla nazi, ungefika hata Ugogo?"

"Mimi ningebebwa," alinijibu. "Mlikuwepo kwa kazi gani?"

"Na ile sehemu unayosema asali yetu ni chungu?"

"Niliandika nilichoonja."

"Ulionja nta."

Zilipobaki kurasa chache niliacha kusoma. Mpagazi alikuwa amefika mlangoni kwa mwenye mzigo, na mimi nilitaka kuuweka ule mwisho, kama mtoto anavyoiacha nyama pembeni ya sahani ili aile baadaye. Nilikifunga kitabu nikakiacha kwenye meza ya kuchujia. Asubuhi tulikuta kitambaa kimelegea, sufuria limefurika, na kitabu kimelala ndani ya asali upande wa nyuma. Tulipokifuta, kurasa za mwisho zilikuwa zimeshikamana kama tofali.

Asali ikiganda chupani, kila mtu Tabora anajua la kufanya: unaichovya chupa kwenye maji ya moto, inalainika. Tulikaa wote wanne tukakubaliana, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa peke yake. Tulikitia kitabu kwenye mfuko wa nailoni, tukakishusha kwenye maji ya moto tukashikilia. Mfuko ulikuwa na tundu. Sehemu ya mbele ilipona kwa sababu tuliinyanyua juu, lakini mwisho ulitoka kama uji wa ulezi, unanukia vizuri kabisa.

"Angalau ni mtamu," alisema utingo wetu. Hakuna aliyecheka wakati ule.

Alitafuta kwenye simu akapata picha ya mwandishi amevaa kofia, ila mwisho wa kitabu hakuupata. Nikaona nimfuate mwandishi mwenyewe.

"Nisaidie," nilimwambia. "Mle ndani ya mzigo mlikuwa na nini?"

"Umeupika mwisho wangu, sasa unataka na maelezo?"

"Wewe si mtani wangu?"

"Basi nakutania."

"Nitatunga mwisho mwingine. Bibi hataona."

Hapo aliacha kucheka. "Tunga," alisema. "Lakini usiseme ni mimi."

Jumamosi tukaenda wote, kwa kuwa kila mmoja aliona ana hatia. Nilikuwa nimekifunga kitabu kwenye kanga, na mwisho wangu wa kutunga nilikuwa nimeukariri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Leo mmekuja msafara mzima. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, bibi," nilisema. Kitinda mimba akakohoa.

Tulianza baada ya sala ya adhuhuri. Bibi alitutilia kahawa, akasogeza tende, na kila mahali mpagazi alipolaza kichwa aliniuliza alikula nini. Ilipokaribia alasiri nilimfikisha Unyanyembe. Akaweka mzigo chini, mbele ya mwenyewe. Bibi akaweka kikombe chini.

"Ehe," alisema.

Katika mwisho wangu mzigo ulikuwa na dhahabu. Nilifungua kinywa niitoe. Mwandishi alikuwa ameegemea kabati, ananitazama tu, na yale maneno yake yakanirudia.

"Bibi," nilisema, "mimi naishia hapo."

Nikampa kitabu. Alikipapasa, akakinusa, akapitisha kidole mahali ambapo kurasa hazipo.

"Mmekichemsha."

"Ndiyo, bibi."

"Kitabu cha mume wangu mmekichemsha."

"Tulidhani kitalainika," alisema utingo wetu, kwa sauti ya mtu anayejibu polisi barabarani.

Mabega ya bibi yakaanza kutikisika. Mdogo wetu wa kike akanishika mkono, akidhani analia. Bibi alikuwa anacheka, na alicheka mpaka akatafuta ncha ya mtandio ajifute macho.

"Nyinyi Wanyamwezi nyinyi," alisema. "Mkipewa kitabu mnakitafutia sufuria."

Alipotulia alitueleza. Marehemu alikuwa akimsomea kitabu hicho hicho kila jioni. Kwenye hadithi walikuwa wamefika Ugogo, mume akaugua. "Aliniambia akipata nafuu atanimalizia. Miaka yote hii nimekiweka sikumpa mtu. Nilikupa wewe kwa sababu wewe unamaliza."

Hakusema kwa ubaya, lakini nilitamani angenigombeza.

"Labda ni chumvi," alisema kitinda mimba ghafla. "Mzigo."

"Chumvi ingelowa njiani," alisema utingo. "Mimi napakia mizigo, najua. Ilikuwa nguo."

"Ilikuwa karatasi tupu," alisema mdogo wetu wa kike. "Mwenyewe alitaka kuandika."

Bibi akamgeukia. "Huyu anasoma?"

"Anasoma, bibi."

Akatoa ufunguo kiunoni. Mimi nikainuka kidogo kwa mazoea. Ufunguo ukanipita ukaenda kwa mdogo wangu.

"Kanuni ni ile ile," bibi aliniambia. "Hujamaliza, huchukui. Lakini huyu hajakosa kitu. Achague chake, aje anisimulie. Wewe utaniletea mwisho. Usiniletee wa kuokota."

"Kwa jina la nani, bibi?"

"Kwa jina lako. Yule mwandishi ameshamaliza kazi yake."

Siku hizi mdogo wangu ndiye anayechukua vitabu, na mimi nasoma vyake asali ikidondoka, kwa mikono iliyooshwa mara mbili. Kabati halikufungwa kwa nyumba yetu. Bibi nimempelekea miisho mitatu. Ule wa dhahabu aliukataa kabla sijafika nusu. Wa pili alisema una machozi mengi kuliko safari yenyewe. Wa tatu aliusikiliza wote, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimekula siku niliyoutunga. Nikakiri sikuwa nimekula. "Umejaa vyakula," alisema.

Mtu wa pwani bado anakuja uani. Anakaa karibu na chujio, ananitazama nikihangaika, anafurahi kuliko anavyopaswa. Namuuliza ndani mna nini, ananijibu kwamba sasa mpagazi ni mimi.

Wa nne sijaupata. Nikifika dukani, bibi anautambua mlio wa ndala zangu kwenye ngazi, na hata kabla sijampa shikamoo ananiuliza, "Mzigo una nini?"

Namwambia, "Bado, bibi."