Nilivyojishonea Nguo za Jua Nikaufukuza Mji Mzima

Siku niliyoshinda mashindano ya ngalawa, hakuna hata mtu mmoja aliyenipigia makofi.

Wote walikuwa wamekimbia.

Sitanii, wakuu. Ufuo wa Mirontsy ulijaa watu na ngoma, mimi nilipokaribia zikabaki ndala na ngoma zenyewe. Sababu ni nguo nilizovaa. Na nguo zile nilizishona mwenyewe, kwa mikono hii hii na akili hii hii ninayojivunia.

Ilikuwa mwaka 1984. Naitwa Dhoihir, fundi cherehani, mtoto wa Magoudjou, Moroni. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na maringo ya watu watatu.

Nilimpenda Zaitoun, dada wa Mirontsy, pale jirani na Mutsamudu, kisiwa kingine, Ndzuani. Alikuja Moroni kwenye harusi, nikamshonea gauni, akarudi kwao nikabaki na vipimo kichwani.

Sasa kwetu visiwani nyumba ni ya mwanamke. Ukioa, unahamia kwake na begi lako. Kwa hiyo mama mtu ndiye mwenye neno. Mama yake, bweni Hayati, yaani Bi Hayati, alinitumia ujumbe mfupi tu: "Aje nimwone."

Kaka yake Zaitoun, Sounhadj, akanipa mpango. Kuna mashindano ya ngalawa za watu wawili. Mnatoka Ouani, mnazunguka boya la bandari ya Mutsamudu, mnarudi kumalizia Mirontsy. Mama atakuwepo ufukweni, ataniona nikiwa kidume.

Tatizo ngozi yangu. Jua la baharini likinipiga nababuka, natoka mabaka kama ukuta wa chokaa ulionyeshewa. Ndiyo sura ya kumpelekea mama mkwe hiyo?

Nikaamua kushona nguo za kukinga jua, na hapo sifa zikaanza. Nilichukua kitambaa kimoja kimoja, nikakiinua juani na mkono nyuma yake. Nikiviona vidole, hakifai, maana jua nalo litaviona. Shashi ikafeli. Pamba nyepesi nyeupe ikafeli, na nilipoilowesha ndiyo ikawa kama sijavaa kitu. Kilichofaulu ni drili nyeusi tu, nzito, imefumwa ikakaza. Nikashona shati la mikono mirefu, kola ya kufunika shingo, suruali, na kofia yenye kitambaa kisogoni.

Dada yangu Roukia aliingia, akatazama, akashika mdomo.

"Dhoihir, hii rangi ina wenyewe."

Kwa wasiojua: tangu 1978 mamluki wa Kizungu ndio waliokuwa wakiongoza askari wa rais, na sare zao zilikuwa nyeusi. Gari lao likitokea, hata mtu mwenye domo refu alikumbuka ana kazi nyumbani.

"Wenyewe wana bunduki," nikamjibu. "Mimi nina sindano. Nani atatufananisha?"

"Anayekimbia hageuki kutazama kama ni sindano."

Nikamwona ana wivu tu.

Siku ya siku tuliondoka Ouani asubuhi mapema, kuna ubaridi, nikiwa na kikoi na fulana kama wenzangu. Tulipolizunguka boya la Mutsamudu tulikuwa wa nne, na jua limeanza kuuma. Nikafungua kikapu, nikavaa mzigo wangu wote mpaka kofia.

Sounhadj, aliyekuwa nyuma kwenye usukani, akaniona.

"Vua."

"Jua kali, ndugu yangu."

"Dhoihir, nakuomba. Vua."

"Wewe shika usukani."

Maji yaliporuka, drili ikalowa ikawa nzito kama godoro. Jasho likanitoka mpaka masikioni. Lakini nilijiona bingwa, kwa sababu ngalawa ya mbele yetu iligeuka kutuangalia, mara ikashusha tanga. Ya pili ikakatia mwambani. Wa ngalawa ya kwanza walijirusha majini wote wawili.

"Unaona?" nikamwambia Sounhadj. "Wamechoka."

Sounhadj alikuwa amejiinamia kabisa.

Tukafika Mirontsy. Kimya. Ufukweni alisimama mwanamke mmoja, mikono kiunoni. Wengine walimwona mtu mweusi tii wa nguo; yeye aliona ngalawa ya mwanawe, basi hakukimbia.

Nikashuka nikichuruzika maji. "Kwezi, bweni," nikamsalimu, kama mdogo anavyomsalimu mkubwa.

Akanipandisha na kunishusha kwa macho, akamgeukia mwanawe.

"Ndiye huyu?" akamuuliza Sounhadj.

"Ndiye, mama."

"Mungu wangu."

Hapo tukasikia lori. Linatoka upande wa Mutsamudu, kwa kasi. Kumbe bandarini kuna aliyeniona, na wenye rangi yao walitaka kujua ni askari gani huyo anayecheza ngalawa.

Wakuu, niliogopa. Nilijua watu waliochukuliwa kwa kosa dogo kuliko hilo, na kwao bado walikuwa wanasubiriwa.

Bweni Hayati alinishika sikio akanikokota mpaka uani kwake. "Vua!"

Safari hii nilivua.

Nguo zikazama chini ya kuni. Akanirushia shiromani, lile vazi kubwa la wanawake wa Ndzuani la kujifunika kuanzia kichwani. Zaitoun akaja mbio na bakuli la msindzano, liwa wanalojipaka wanawake usoni, akanibandika zito mpaka masharubu yakapotea.

"Usiniangalie," akaninong'oneza. "Utanichekesha tufe wote."

Nikakalishwa kwenye mbuzi, nikapewa nazi.

Wakaingia wazungu wawili na mkalimani, kijana wa Mutsamudu.

"Yuko wapi mwanamume mwenye nguo nyeusi?"

"Wanaume wa hapa mmewakimbiza wote," akasema bweni Hayati.

Mkalimani akaja kusimama mbele yangu. Nilikuna nazi, nikajikuna na vidole.

"Huyu mbona kukuna nazi kwenyewe hajui?"

Bweni Hayati hakupepesa jicho. "Katokea Moroni."

Kijana akacheka kicheko cha Mndzuani wa kweli, maana kwao sisi wa Moroni ndio wa kuchekwa, akashika tumbo. Akawatafsiria wazungu. Wao hawakuelewa kinachochekesha, wakachoka, wakaondoka.

Mimi nikalia. Sioni haya kusema, nililia na shiromani langu.

"Bweni," nikamwambia, "narudi Moroni. Ulisema unione, na umeshaniona."

Akanipokonya ile nazi.

"Nilipanga kukukataa," akasema. "Sounhadj kaniambia una maringo na huambiliki. Lakini leo nimekuvisha, nimekupaka, nimekukalisha kwenye mbuzi, hukubisha hata neno. Mwanamume anayejua kunyamaza, nyumba ya mwanangu ina nafasi yake."

Nilipoosha uso, ngozi ilikuwa laini, haina hata baka. Kumbe wanawake wa Mirontsy ndivyo wanavyokwenda mwambani kutafuta pweza, wamejipaka na kujitanda, miaka yote.

Zawadi ya mashindano ilipewa ngalawa iliyofika baada yetu. Wazee walisema hawakumwona mtu mwingine akifika, na kweli, nani angebaki kuona? Mimi nikapewa mke.

Basi ukichagua nguo za baharini, usizipimie jua peke yake. Wafikirie na watu utakaowakuta ufukweni. Na kabla hujakata kitambaa, waulize wanaoshinda juani kila siku. Mimi niliuliza jua tu, nalo halikuniambia kitu kuhusu watu.