Nguzo ya Nne ya Hoteli ya Bot Cherono

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu, na kabla ya saa sita nilikuwa nimegusa karibu kila kitu. Ilikuwa studio ya picha mjini Kericho, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha. Mwenye studio alikuwa amefundisha shule ya msingi kabla ya kuacha chaki, na mji mzima ulimwita Mwalimu. Alinikuta nimeinua lenzi dhidi ya mwanga wa mlango, nikitazama jinsi mtaa ulivyopinduka ndani yake.

"Nilikuambia nini?"

"Nisiguse."

"Na hiyo ni nini mkononi?"

"Nataka kujua kwa nini watu wanatembea kwa vichwa."

Alinitazama kama anayesahihisha hesabu isiyo sawa lakini yenye njia nzuri. "Iweke chini polepole," akasema. "Kesho uje mapema."

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Shule niliiachia darasa la sita. Baba alikuwa ametoka kando ya ziwa kuja kuchuma chai, nami nikakulia kwenye nyumba za wafanyakazi nikitamani kujua kilichoko upande wa pili wa kila kilima. Nilichuma chai, nikapakia miwa karibu na Fort Ternan, nikauza mitumba Kapsoit, kisha nikafanya kazi katika kiwanda cha chai, kwenye chumba cha kuchambulia, ambako majani makavu hutenganishwa kwa ukubwa. Kila kazi niliiacha mara nilipoielewa. Ya picha haikueleweka upesi, ndiyo maana nilikaa.

Ninyi mnaopiga kwa simu, niwaeleze kidogo. Picha ilianza kama negativu, kipande cha plastiki chenye ngozi laini juu yake, ambapo cheupe huonekana cheusi na cheusi cheupe. Tuliipitisha mwanga katika chumba cha giza, ikaangukia karatasi, karatasi ikalala kwenye dawa hadi picha ijitokeze. Negativu ikiharibika, hakuna pa kurudi. Unaweza kuchapa karatasi elfu moja, lakini negativu ni moja.

Amri ya kwanza ya Mwalimu ilihusu jua. Kericho mvua huja baada ya chakula cha mchana karibu kila siku, na mawingu hutangulia. "Asubuhi piga nyumba, mchana piga watu," alikuwa akisema. Asubuhi jua hupiga ubavu wa jengo, kila nguzo inatupa kivuli chake ukutani, nyumba inasimama. Mchana wingu hulainisha nyuso za watu, makunyanzi yanapungua, mteja anafurahi. Niliishika amri hiyo kwa kichwa. Kuielewa ilichukua muda zaidi.

Hazina ya Mwalimu ilikuwa kabatini nyuma: negativu kubwa, za ukubwa wa kiganja, alizopiga tangu ujana wake. Hazikuwa za watu. Zilikuwa za hoteli na maduka ya mji. Hoteli ya chapati iliyogeuka duka la mbolea, kinu cha mahindi, duka la vitambaa lenye ngazi za mawe, baa iliyoungua. Nilimuuliza nani alimtuma.

"Hakuna. Watu wananiita kupiga harusi. Nani anaita mtu apige hoteli waliyokula siku ya harusi?"

Adui wa negativu ni unyevu, na sisi tuliishi ndani yake. Mwalimu alikuwa na njia yake: makaa kwenye kikopo ndani ya kabati, na kila Januari, jua likiwa kali, alizitoa moja moja na kuzianika kivulini. Ilikuwa kazi ya siku nyingi. Mimi nikaona nimepata akili zaidi. Kiwandani nilikuwa nimeona jinsi chai kavu inavyonyonya: ukiacha kipande cha sabuni karibu nayo, siku ya pili chai inanuka sabuni. Nikajiambia, kitu kinachonyonya hivyo kitanyonya unyevu wote. Nikaleta sanduku la mbao la kusafirishia chai, lile lenye foili ndani, nikatandaza majani makavu, nikapanga negativu katika bahasha zake, nikaongeza majani, nikafunga. Nilimwambia Mwalimu kuhusu sanduku, akalisifu. Majani sikumtajia. Nilitaka Januari afungue akute zimekauka, aniulize nimefanyaje.

Mvua za masika zikaja kabla ya Januari.

Wakati huo ofisi ya majengo ya mji ilikuwa ikipima upya barabara. Jengo lolote lililoongezwa juu ya ardhi ya barabara lilipigwa alama ya msalaba kwa rangi nyekundu. Msalaba mmoja uliangukia hoteli ya Bot Cherono, yaani mama yake Cherono, mjane wa kabila la Wakipsigis aliyepika pale tangu alipoolewa. Hoteli yake ilikuwa ya mabati, na mbele ilikuwa na veranda ya nguzo nne zilizopakwa chokaa. Jiko lilikuwa upande mmoja wa veranda hiyo, kwa hiyo bila veranda hakukuwa na hoteli. Afisa wa Majengo alisema imeongezwa juzi. Bot Cherono alisema ni ya tangu mwanzo. Mashahidi wa mdomo walikuwa wengi, kila mmoja na mwaka wake, na Afisa akataka kitu cha kuonekana. Akampa hadi Alhamisi.

Jumatatu Bot Cherono akaja studio, ameshika mwavuli uliokunjwa.

"Mwalimu, wewe ulitupiga. Baba Cherono alikuwa hai. Ulisimama katikati ya barabara, lori likakupigia honi."

"Nakumbuka honi," Mwalimu akasema. "Nyuma yenu kuna kalenda ya ukutani na gari la zamani mbele. Hata kipofu ataona ni ya miaka ile." Kisha akanigeukia. "Ouma, itafute. Chapa kubwa."

Nilifungua sanduku nikiwa peke yangu. Chai ilikuwa imenyonya kweli, ikanyonya hadi ikashiba, kisha ikaanza kuoza. Ilikuwa donge moja jeusi lenye harufu ya shimo la mbolea. Bahasha za chini zilikuwa zimegandana. Ya Bot Cherono niliitoa ikiwa na kuvu upande wa kushoto, imekula ngozi yote pale. Niliichapa hivyo hivyo. Gari lilikuwepo, kalenda ilikuwepo, paa lilikuwepo, nguzo tatu zilikuwa wazi kabisa. Mahali pa nguzo ya nne palikuwa doa jeusi.

Ningeweza kuipeleka hivyo. Nimelirudia jambo hilo moyoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini doa lingeulizwa limetoka wapi, na jibu lilikuwa majani yangu. Tulikuwa na ufundi wa kuondoa chunusi na makovu: unapaka rangi nyeupe na ya kijivu juu ya picha kwa brashi nyembamba, kisha unapiga picha ya hiyo picha, na rangi haionekani tena. Nikaamua kuirudisha nguzo. Sikuona kuwa ni uongo, kwa sababu nguzo ilikuwepo.

Jumanne baada ya chakula cha mchana nilitembea hadi hotelini kuitazama nguzo yenyewe ili nisikosee unene wake. Mawingu yalikuwa yamefika. Nilisimama nikichora kwenye kikaratasi, Bot Cherono akanipigia kelele kutoka jikoni.

"Wewe wa studio, unaitazama nguzo kama unataka kuioa. Kula kwanza."

Nilikula bila kusikia ladha. Jumatano nikapaka, nikapiga, nikachapa. Nguzo nne. Mwalimu alikuwa na haraka ya kwenda kwenye harusi. Aliikuta ikikauka kifudifudi, akapiga muhuri wa studio mgongoni.

"Imetoka vizuri?"

"Vizuri, Mwalimu."

Alhamisi asubuhi tukaenda wote watatu. Afisa wa Majengo alikuwa mtu wa sweta, mpole, asiyeinua sauti. Aliichukua picha hadi dirishani. Alitabasamu alipoona gari.

"Hii imepigwa asubuhi," akasema.

"Kama saa tatu," Mwalimu akajibu.

"Naona. Nguzo hii ina kivuli ukutani. Hii ina kivuli. Hii pia." Kidole kikasogea. "Na hii?"

Nje mtu alikuwa akiburuta bati kwenye sakafu ya saruji, na nilitamani aendelee kuburuta hadi jioni.

"Kivuli cha nini?" Bot Cherono akasema. "Mimi nimekuja kwa mambo ya nyumba."

"Mama, kuna mtu amechora hapa. Kama amechora nguzo moja, mimi nitajuaje hakuchora zote nne na paa lake?"

Mwalimu akaipokea picha. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi, na hakunitazama kwa muda mrefu. Akaigeuza.

"Muhuri ni wangu," akasema. "Kosa ni la studio. Mama huyu hakujua."

"Negativu iko wapi?"

Mwalimu akaningoja niseme. "Iliharibika," nikasema. Hilo ndilo neno pekee nililotoa mle ofisini. Afisa akaichukua picha, akamrudishia Bot Cherono, akaandika kwenye faili lake mistari miwili, akalifunga.

Tulipokuwa tukirudi, Bot Cherono akiwa ametangulia na mwavuli wake, nilimweleza Mwalimu kuhusu majani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ungemletea Afisa yenye doa," akasema. "Nguzo tatu zingetosha."

"Niliogopa utajua kuhusu majani."

"Sasa nimejua."

Alitaka kwenda kumwambia Bot Cherono. Nikamsihi aniachie mimi, nikaahidi kwamba nitamwambia mwenyewe. Hakunifukuza. Siku veranda ilipobomolewa aliniwekea kamera mikononi na kusema, "Nenda. Ni asubuhi." Nikaenda nikapiga. Nguzo zote nne zilikuwa na vivuli vyao mpaka zilipoanguka.

Baadaye Mwalimu alifungua tawi la studio Merigi kwa ajili ya picha za vitambulisho siku za soko, akanipeleka huko niwe msimamizi. Kitu cha kwanza nilichokiona mkabala na chumba changu kilikuwa sufuria za Bot Cherono. Alikuwa amepanga chumba, ameanza upya. Ukutani alikuwa ameitundika ile picha iliyokataliwa, ndani ya fremu.

"Mpeni huyu nyama yenye nyama," aliwaambia wasichana wake. "Huyu alijaribu kunisaidia, watu wa ofisi wakaanza mambo ya vivuli, eti imechorwa." Kisha akaielekeza nguzo ya nne kwa mwiko. "Hapo ndipo baba Cherono alikuwa akiegemea akingoja chai. Angalia jinsi ilivyotoka safi."

Niliapa kumwambia siku hiyo. Kisha siku ya soko iliyofuata. Nilikula pale miaka yote niliyokaa Merigi, na kila mara nilimaliza sahani, nikaaga, nikaondoka. Nilijiambia kwamba nikisema, nitamnyang'anya nguzo mara ya pili. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake. Mwalimu alifariki akijua sijasema. Bot Cherono naye akafariki, akazikwa, nami nikapiga picha za mazishi kwa sababu familia iliniomba.

Simu zilipokuja na kamera nilifunga duka. Nilikuwa nimekaa katika kazi moja miaka yote iliyofuata, mimi niliyeacha nyingine zote. Siku moja kijana mmoja akanionyesha simu yake: "Mzee, tazama Kericho ya zamani." Ilikuwa ni ile picha. Imesambaa. Hadi leo nikiiona kwenye simu ya mtu nasubiri aulize, na hakuna anayeuliza.

Mwaka huu Cherono amefungua hoteli yake Bomet. Ni mama mzima sasa, ana sauti ya mamake. Aliniita nikaone, kwa kuwa alikuwa amemwajiri mchoraji wa mabango achore hoteli ya mamake kwenye ukuta mzima, akinakili ile picha. Nilifika mchana. Mchoraji, kijana mwenye rangi hadi masikioni, alikuwa juu ya meza. Alishuka, akaishika picha mbali na macho, kisha karibu.

"Mzee, wewe ulikuwa mpiga picha. Nguzo hii mbona haina kivuli?"

Nilivuta kiti. Cherono alikuwa nyuma ya kaunta akipangusa vikombe. Nilisema yote, kuanzia sanduku na majani, hadi mwisho, nikimtazama mchoraji kwa sababu sikuweza kutazama kwingine. Nilipomaliza, Cherono alikuwa ameacha kupangusa.

"Mama alijua?"

"Sikumwambia."

"Alikulisha miaka mingapi?"

Alimaliza kupangusa kikombe alichokuwa nacho, akakipanga na vingine. Kisha akaja, akachukua brashi mkononi mwa mchoraji, akanipa.

"Kivuli ni chako. Kichore wewe," akasema. "Na usifikiri tumemaliza. Ukuta ukikauka utanieleza ya majani tena, polepole."

Nikasimama mbele ya ukuta. Nikatoka nje kwanza, nikatafuta nguzo ya stima iliyo mkabala, nione kivuli huanguka kwa mlalo gani. Mawingu yalikuwa yameshafika. Nikarudi ndani, nikamrudishia mchoraji brashi yake, nikamwambia Cherono nitakuja kesho saa tatu asubuhi.